Mwezi Bila Chumvi

Foleni ya dirisha la dawa katika hospitali ile ya mji wa Iquitos haikuwahi kuwa na haraka na mtu. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata muuguzi aliyekuwa akiita majina ilimbidi arudie kila jina, na watu walikuwa wamebanana ukutani, wenye miavuli wakiwalowesha wasio nayo. Zadith Murayari alikuwa katikati yao, amevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha dukani, pindo limelowa, nywele zimefungwa kwa utepe. Ukimtazama kwa mbali ungesema huyu anakwenda harusini. Ukimsogelea ungeona macho ya mtu aliyechoka, na si uchovu wa foleni, maana ule wa foleni huisha ukishaitwa jina.

Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye mabega mapana, kucha zina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, amemshika mkono mwanamke mzee aliyefungwa bandeji jicho moja. Mwanamume huyo ni Rusbel Isuiza, fundi wa injini za boti katika bandari ya Nanay. Mzee ni shangazi yake, Orfelinda, ambaye alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na tangu alfajiri alikuwa akilalamika kwamba daktari ana mikono baridi.

"Dada, samahani," Rusbel alimwambia Zadith, "nishikie nafasi, nimtafutie huyu bibi harusi kiti."

"Bibi harusi gani," shangazi alisema. "Mimi nataka nyumbani, nikaangalie tamthilia yangu."

Zadith alicheka, kisha akajishangaa, kwa kuwa kicheko kilikuwa hakijamtembelea siku nyingi. Rusbel aliporudi maongezi yakaendelea. Alitaka kujua kama gauni lile limetoka mji mkuu, Lima. Alipoambiwa limeshonwa na mvaaji mwenyewe, akasema basi siku suruali yake ikitoboka anajua pa kwenda. Wakati huohuo mlango wa mwisho wa korido ulifunguka, akatoka kijana akizungumza peke yake, vidole vikichora hewani. Rusbel akainama karibu na sikio la Zadith.

"Mlango ule uogope. Wanaoingia pale ni vichaa tu. Ukipita karibu wanakupunguzia akili."

Mtu wa pembeni aliyesikia akacheka. Zadith naye akacheka, kwa sababu wengine walicheka. Yeye alikuwa ametoka kwenye mlango uleule muda mfupi tu uliopita, na cheti cha dawa alichokuwa amekikunja kiganjani kiliandikwa na daktari wa chumba kile.

"Na wewe malkia, unaumwa nini?"

"Tumbo," Zadith alisema. "Vidonda vya tumbo."

Ndivyo yalivyoanza mapenzi yao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na walisema kweli, lakini wahenga hawakuwahi kusimama kwenye foleni ile na gauni la manjano, mbele ya mwanamume mwenye tabasamu lile. Mimi simlaumu.

Walikuwa wamepeana namba palepale foleni, na simu ya Zadith ililia jioni hiyohiyo.

"Tumbo linaendeleaje?"

"Lipo mahali pake."

"Lisalimie. Liambie kuna mtu anataka kulipeleka likale samaki."

Jumapili walikula samaki wa kuchomwa kwenye majani, kando ya maji, na Rusbel alimkataza mama muuzaji asiweke pilipili kwenye sahani ya mwenzake kwa sababu ana vidonda vya tumbo. Zadith alikuwa akipenda pilipili tangu utotoni. Alikula samaki wake bila pilipili, akashukuru.

Zadith aliuza vitambaa katika duka moja la barabara ya Próspero, na Rusbel akaanza kupita pale akiwa na visingizio. Mara anataka kitambaa cha meza, mara anataka pazia. Wenzake Zadith walikuwa wakimwona anavuka barabara, shati limechomekwa, nywele zimepakwa maji, wanapigana viwiko.

"Umenunua pazia tena," Zadith alimwambia siku moja. "Na nyumba yako ina dirisha moja. Nililiona."

"Nangoja uje uniambie mengine niyatoboe wapi."

Zadith alikunja kile kitambaa taratibu kuliko ilivyohitajika, ili asimtazame usoni.

Vidonge vyake alivificha katika kopo la poda. Miaka miwili nyuma, baada ya mama yake kufa, alikuwa amelala kitandani na hakuona sababu ya kuinuka. Watu hudhani huzuni ni machozi. Yake haikuwa na machozi. Ilikuwa ni kubeba gunia lililolowa, kutoka kitandani hadi msalani na kurudi. Dada yake Dolibeth, kabla hajahamia Lima kikazi, ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwenye ule mlango wa mwisho. Dawa zilichukua muda mrefu, na wala hazikuleta furaha. Zilileta nguvu ya kuosha sahani moja, kisha nguvu ya kushona mkono wa blauzi, na mwishowe nguvu ya kuvaa rangi ya manjano.

Mara moja Rusbel alimkuta akimeza. Aliuliza kama ni ya tumbo, Zadith akasema ndiyo, ya tumbo. Tangu hapo kila alipokuja alileta maziwa, kwa sababu mtu bandarini alimwambia maziwa yanatuliza vidonda. Alimpenda hadi ugonjwa wake wa uongo, na jambo hilo lilifanya ule wa kweli uwe mgumu zaidi kuutaja.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Rusbel akasema sasa ni wakati wa kwenda kwa shangazi.

Shangazi Orfelinda ndiye aliyemlea. Aliishi juu ya mto Nanay, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, na kazi yake ilikuwa uganga. Alichemsha ayawaska, ile kamba chungu ya msituni inayomletea mtu maono, akanywa pamoja na waliomjia na shida zao, akawaimbia hadi kunakucha. Alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi, kama tusemavyo, ingawa kwa miiko ya kazi yake nusu ya maisha yake hakuonja hata punje. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyeingia nyumbani kama mke kabla ya kukaa na shangazi na kunywa kikombe chake. "Mmea ukujue," ndivyo walivyosema. Kukataa kungekuwa sawa na kupita mlangoni kwa mama mkwe bila kusalimu.

Orfelinda, ambaye sasa aliona vizuri kwa jicho moja na alilitumia kwa fujo, alimketisha Zadith kwenye mkeka na kumuuliza maswali. Moyo? Presha? Kifafa katika ukoo? Rusbel alikuwa ameegemea mlango, anakula ndizi, anatabasamu kama mwenye nyumba.

"Na dawa za hospitali? Za usingizi, za huzuni?"

"Sinywi."

"Hata kidonge kimoja?"

"Cha tumbo tu. Tena mara mojamoja."

Shangazi alisema anauliza kwa sababu. Aliwahi kumpokea mtu aliyeficha kwamba anakunywa vidonge vya huzuni. Alipokunywa kikombe, wimbo haujafika katikati, mwili ukawaka moto, taya zikasagana, miguu ikarukaruka, moyo ukaenda mbio zisizohesabika. Walimkimbiza mjini kwa boti na aliponea chupuchupu.

"Dawa zile na kamba hii hazipikiki chungu kimoja," alisema. "Mtu akiniambia anazo, simpi. Namwambia arudi kwa daktari wake. Sioni haya kusema hivyo."

Hapo ndipo Zadith alipaswa kusema, na kwa kweli alifungua mdomo.

"Shangazi, huyu ni mzima," Rusbel alisema kutoka mlangoni. "Injini mpya kabisa, haijafunguliwa hata skrubu."

Mdomo ukafungwa.

Basi shangazi akatoa masharti ya mfungo unaotangulia kikombe. Mwezi mmoja bila chumvi, bila sukari, bila mafuta, bila nguruwe, bila pilipili, na bila mwanamume. Rusbel aliuliza kama kukumbatiana kunahesabiwa. Kunahesabiwa, shangazi alisema, na simu ndefu pia, maana watu wakitamaniana wakati wa mfungo wanauharibu na aliyefunga anaweza kudhurika. Akamgeukia Zadith, sauti imelainika.

"Utalegea, mwanangu. Utaota ovyo, hutalala, utalia bila sababu. Usiogope. Ni mmea unakusafisha."

Kwenye boti ya kurudi mjini Zadith alipiga hesabu yake. Ukinywa vyote viwili, unaweza kufa. Ukisema ukweli, mwanamume huyu atakutazama kama alivyomtazama yule kijana wa korido. Ikabaki njia moja, kuacha vidonge, na mwezi mzima bila shaka unatosha mwili kuwa safi. Hakwenda kumuuliza daktari, kwa sababu alijua atasema nini.

Siku za mwanzo alijisikia shujaa. Alikula ndizi mbichi za kuchemsha na visamaki visivyo na kitu, na wenzake dukani walimtania kwamba anapungua ili aingie kwenye gauni la harusi. Kisha kichwa kikaanza kumpiga shoti, vijishoti vidogo kama waya ulio wazi, kila akigeuza macho. Usingizi ukaondoka. Akakata kitambaa cha mteja kombo, akakitazama, na hakujali. Lile gunia lililolowa likarudi, na yeye alilitambua mara moja, kama unavyotambua hatua za mtu uliyeishi naye.

"Unaendeleaje, mpenzi?" Rusbel aliuliza kwenye simu.

"Nimechoka."

"Shangazi alisema utachoka."

"Nalia, Rusbel. Nimekaa tu, nalia."

"Hata hilo alilisema. Ndiyo mmea huo, vumilia." Nyuma ya sauti yake injini ilinguruma na mwanamke akacheka.

"Nani huyo?"

"Mteja. Boti yake imegoma."

"Anacheka sana kwa mtu aliyegomewa na boti."

"Zadith, tusiongee sana mama, tutaharibu mfungo." Akakata.

Alikata kwa sababu alimpenda. Alikuwa amesikia tangu utotoni habari za wapenzi wasiojizuia, wakamwacha aliyefunga akiwa na nusu ya akili, na kila jioni alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Tena kuna jambo ambalo hakumwambia mtu: na yeye aliacha chumvi. Mafundi wenzake walimwona akila wali mweupe na samaki wa kuchemsha, wakamuuliza kama ana presha. Aliona aibu kumwachia mwenzake njaa peke yake. Lakini Zadith hakuona hayo yote. Yeye alisikia simu zinafupika, sauti inakauka, mwanamke anacheka, na akahitimisha kama ambavyo ungehitimisha wewe.

Dolibeth alipiga kutoka Lima. Aliuliza moja kwa moja kama dawa anakunywa, maana sauti haimfurahishi. Zadith alisema anakunywa.

Zadith alianza kukataa kutoka chumbani isipokuwa kwenda kazini. Mtu aliyemjali angeona, lakini Rusbel alikuwa amekatazwa kumsogelea, na alipomsikia kwenye simu alifurahi kwamba mfungo unafanya kazi. Gauni la manjano alimpa msichana wa duka la jirani. Na wazo moja lilimjia ambalo hakulisema kwa mtu yeyote, kwamba akilala asiamke, angalau atakuwa amepumzika. Wazo hilo liliingia kimya na kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya kikombe Rusbel alikuja kumchukua mchana. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, amekonda kidogo, na moyo ulimdunda kama wa mvulana. Zadith alitoka mlangoni akiwa na sketi nyeupe ambayo sasa ilimzidi kiunoni, kaishikiza kwa pini.

"Umetakata," Rusbel alimwambia. Kisha akamtazama vizuri, na neno lile likamkaa vibaya mdomoni. "Gauni la manjano liko wapi? Nilidhani utalibeba la kesho."

"Nimeligawa."

"Kwa nini?"

"Halikunipendeza tena."

Rusbel alikuwa fundi, na fundi anajua sauti ya kitu kinachokaribia kukatika. Njiani juu ya mto alikuwa akigeuka kumtazama zaidi ya alivyotazama maji. Alimuuliza kama amemkosea. Zadith akasema yeye ndiye ajuaye, na yule mteja wake anayecheka. Rusbel alianza kujitetea, akaona mwenzake hasikilizi, hata wivu hana nguvu nao. Akaongeza mwendo wa boti, wakafika jua likiwa linashuka nyuma ya miti.

Orfelinda alikuwa ameshafagia, chupa iko mbele yake, kikombe cha kibuyu kimefunikwa. Alimshika Zadith kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Jicho lile moja lilikaa usoni pake kwa muda mrefu.

"Mimi huuliza kila mara kabla ya kumimina," alisema. "Hata nikiwa nimeshauliza. Kuna dawa?"

Zadith alitazama kikombe. Alikuja kusimulia baadaye kwamba hakuwa na ujasiri wowote wakati ule. Alikuwa amechoka tu, na uongo nao ni mzigo, unahitaji nguvu za kuubeba.

"Nilikuwa nakunywa za huzuni," alisema. "Tangu mama alipokufa. Nimeziacha mwenyewe mlipoanza kunihesabia mfungo. Sijui kama zimetoka mwilini. Na sasa, bibi, mimi sijali sana kama zimetoka au hazijatoka."

Orfelinda alichukua chupa, akaifunga kizibo, akaisukuma nyuma yake ukutani.

Rusbel alikuwa amesimama. "Mwaka mzima," alisema. "Maziwa yote yale. Ungekufa hapa, Zadith, mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuleta. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mlango ule wanaingia vichaa."

"Lini?"

"Kwenye foleni. Siku tuliyokutana."

Rusbel alitafuta. Ungeweza kumwona usoni akitafuta, akirudi kwenye mvua ile, kwenye bandeji ya shangazi, kwenye gauni. Hakuliona neno hilo popote.

"Sikumbuki," alisema.

"Mimi nakumbuka. Nilikuwa nimetoka humo."

Rusbel alitoka nje. Alishuka ngazi hadi kwenye boti, akaanza kufungua injini ambayo haikuwa na hitilafu yoyote. Zadith alisikia spana zikigonga, akajua yameisha, na kilichomtisha ni kwamba hata kuisha kwake hakukumuuma.

Shangazi alimfuata mpwa wake, akasimama gatini akiwa ameshika kiuno.

"Acha chuma hicho. Makosa yangu nitakutajia, usije ukadhani ni yako peke yako. Nilimuuliza mambo ya siri mbele yako, na mwanamke haulizwi vile mbele ya mwanamume anayempenda. Tena nikasema akilia ni mmea. Nilijiona najua kila kitu hata nisione haja ya kwenda kumtazama. La kwako unalijua."

"Silikumbuki, shangazi. Hilo ndilo linaloniua. Nimelisema, na silikumbuki."

"Basi nenda ukae naye. Mtu wa namna ile haachwi peke yake."

Rusbel alinawa mikono mtoni, akapanda. Alikaa sakafuni mbali kidogo na Zadith, kisha akasogea, kisha akamshika mkono, mfungo ukavunjika hapo wala hakuna aliyeujali.

"Nikuulize kitu, unijibu kweli. Umefikiria kufa?"

"Kupumzika," Zadith alisema.

Rusbel aliinamisha kichwa kwenye mkono ule. Hakutoa hotuba. Alisema kesho asubuhi na mapema watakwenda kule, kwenye ule mlango, wote wawili. Zadith akamwambia watu watamwona. "Wanione," alisema. Dolibeth alipigiwa simu usiku huo, akalia, akatukana, akashukuru. Hakukuwa na wimbo nyumbani kwa Orfelinda. Shangazi alilala kwenye mkeka mmoja na Zadith, televisheni imepunguzwa sauti, akimweleza nani katika tamthilia amezaa na nani, hadi Zadith akapitiwa na usingizi kidogo, wa kwanza baada ya muda.

Asubuhi korido ilikuwa imejaa kama kawaida. Rusbel aliketi kwenye benchi la mwisho, mbele ya mlango wa mwisho, shati lake jeupe limekunjamana. Mwendesha boti mmoja wa Nanay alipita na mwanawe mwenye surua, akamwona.

"Rusbel, umekosea mlango. Mlango wa macho ni kule mwanzoni."

"Sijakosea."

Yule mtu alimtazama, akamtazama Zadith. "Haya, kaka," alisema, akaenda zake.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye uchovu wake mwenyewe, chai imepoa mezani. Hakumgombeza. Alisema dawa ile hukaa mwilini muda mrefu baada ya mtu kuacha kuimeza, hivyo kile kikombe kingeweza kumuua hata jana. Na kuacha ghafla bila kumwambia mtu ndiko kulikomwangusha. Wataanza tena, polepole. Itachukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, na katika wiki hizo asikae peke yake, na wazo lile la kupumzika likija amwambie mtu saa ileile, hata kama ni saa mbaya. Rusbel aliuliza kama kuna chakula anachokatazwa. Daktari akasema ale anachopenda.

"Pilipili?"

"Kwa nini asile pilipili?"

Rusbel alimtazama Zadith. Zadith aliangalia sakafu, na pembe ya mdomo wake ikatikisika kidogo, si kicheko, lakini ni mahali ambapo kicheko huanzia.

Rusbel ndiye aliyesimama kwenye foleni ya dirisha, cheti kimefunguka mkononi, kila mtu anaweza kusoma. Walipomaliza walikaa nje chini ya turubai la mama muuza vyakula, bajaji zikipita na kurusha matope. Aliagiza mayai na ndizi za kuponda. Kabla hawajaanza, alitoa mfukoni kipande cha jani la mgomba kilichofungwa kwa uzi.

"Shangazi anasema aliyefunga lazima afunguliwe kwa chumvi, hata kama hakunywa. Vinginevyo mfungo unabaki mwilini."

"Na mmea? Haujanijua."

"Nilimuuliza hilo. Amesema yeye amekujua, inatosha."

Akachukua chumvi kwa vidole vyake vyenye weusi wa grisi, akamwekea ulimini. Zadith alifunga mdomo. Alingoja.

"Unaisikia?"

"Kwa mbali sana."

Kisha Rusbel akachukua punje zilizobaki, akaziweka ulimini mwake mwenyewe, na macho yakamjaa maji palepale. Zadith alimtazama, akatazama mashavu yaliyokonda, shati linalopwaya shingoni.

"Na wewe ulifunga?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Kwa hiyo simu zile fupi..."

"Ningekaa kwenye simu dakika moja zaidi, ningekuja kugonga mlango."

Zadith alijua kwamba habari hii ingepaswa kumfurahisha, na kwamba furaha yenyewe ilikuwa mbali bado, nyuma ya ukuta, kama muziki wa nyumba ya jirani. Alimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Alimwambia pia kwamba huenda wiki zijazo zikawa mbaya, na hata zikipita, anaweza kumeza vidonge vile miaka mingi, na gunia linaweza kurudi siku yoyote.

"Kesho nitakuja na chumvi nyingine," Rusbel alisema. "Na kesho kutwa. Mpaka uisikie."

"Na nisipoisikia?"

"Nitakula mimi, nikusimulie ilivyo. Nioe, Zadith. Au nikuoe, sijui linasemwaje. Yale mapazia yananing'inia ukutani tu, watu wananicheka."

Mama muuza vyakula alisimama na bakuli la pilipili mkononi, akijifanya anafuta meza. Zadith alinyoosha mkono, akalichukua bakuli lile, akajiwekea kijiko kizima juu ya mayai.

"Toboa dirisha moja upande wa mashariki," alisema. "Siku nikiweza kuamka, niamke na jua."

Rusbel alisema atatoboa leo. Zadith akamwambia leo akae naye, dirisha lingoje, wakala mayai yao yakiwa yameshapoa.